Gari la Zuhura na Kona ya Abeid

Siku ya soko, nyumba ya Zuhura huamka kabla ya jogoo wa jirani. Zuhura hufunga mdalasini kwenye magunia. Hupanga ndizi na mananasi kwenye matenga. Kisha huita kwa sauti inayofika ng'ambo ya bonde.

"Sufiani! Jua likukute kitandani?"

"Shikamoo, dada. Nimeamka zamani. Nafuta kioo."

"Marahaba. Hicho kioo kitaisha kwa kufutwa."

Sufiani ni mdogo wake Zuhura, tumbo moja. Yeye ndiye dereva. Gari ni la Zuhura. Hapa Kinole, kwa Waluguru, shamba hufuata upande wa mama, na shamba la mdalasini Zuhura alilipata kwa mama yake. Mdalasini ndio ulionunua gari. Hakuhongwa na mwanamume yeyote. Naliandika hili wazi, kwa sababu wapo waliosema vingine, na majina yao hatujayasahau.

Gari lenyewe ni dogo, la chini kidogo, rangi ya majivu. Ni gari la haibridi. Maana yake lina injini ya petroli na lina mota ya umeme. Haliunganishwi na umeme wa nyumbani kama simu. Hujitengenezea umeme wake lenyewe likiwa safarini. Ukiliwasha, halitoi sauti. Siku lilipofika Kinole kwa mara ya kwanza, watoto walilizunguka, wakasubiri lingurume. Likaondoka kimya. Wakapiga mayowe, wakalipa jina: Bubu.

Zuhura alilipenda Bubu kuliko alivyosema. Lilipanda mlima na magunia yake bila kuhema. Lilikula mafuta kidogo. Halikutikisa watu kama pikapu la zamani. Zaidi ya yote, mama yao alikubali kulipanda.

Mama yao ni Mwaisha. Ni mzee sasa, na macho yake yana ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali ya Morogoro. Wakampa siku ya kurudi ili atibiwe. Kwa miaka mingi Mwaisha hakupanda gari lolote. Alisema magari yananuka na yanapiga kelele za kifo. Bubu halikunuka, halikupiga kelele. Akapanda.

Lakini alikuwa na sharti. Wakifika juu ya Kona ya Abeid, gari lisimame. Yeye ashuke. Aipite kona kwa miguu, fimbo mkononi, nalo gari limsubiri chini.

Kona hiyo ina jina la mume wake.

* * *

Tukumbuke kidogo. Kuna vijana hawajui.

Iko miaka ambayo petroli ilikuwa haionekani nchi hii. Jumapili mchana magari yalikatazwa barabarani. Dereva wa lori aliyepata dumu moja la dizeli alilitunza kama mtoto. Basi madereva wa Uluguru wakabuni mbinu. Wakifika juu ya mteremko, waliweka gari fri. Waliitoa gia, gari likashuka lenyewe kwa uzito wake. Mafuta hayakutumika. Mguu ulibaki kwenye breki tu. Aliyeweza kushuka hivyo mpaka Mkuyuni aliitwa dereva. Asiyeweza aliitwa abiria aliyeshika usukani.

Abeid alikuwa bingwa wao. Alishuka na lori la machungwa kimya kama mwewe. Siku moja breki zilimkatalia kwenye kona. Lori likaenda bondeni, naye akaenda nalo.

Watu wa ofisi walikuja. Walipima barabara kwa utepe. Walivaa viatu safi, wakaondoka navyo vikiwa vichafu. Hakuna aliyerudi kutuambia kwa nini Abeid alikufa. Na watu wasipoambiwa sababu, hutafuta mtu wa kumbebesha.

Walimpata. Alikuwa jirani aitwaye Maneno, na nyumba yake iko juu kidogo ya kona. Maneno na Abeid waligombania mpaka wa shamba la pilipili manga, na katika ugomvi Maneno alisema, "Hutafika mbali." Kauli ya hasira, nani hajaitoa? Siku chache baadaye Abeid akafa. Pale msibani Maneno akasema, "Lilipopita kwangu, nilisikia harufu ya kuungua. Breki zilinuka." Watu wakatazamana. Alijuaje? Wakamwita mchawi.

Tangu siku hiyo Mwaisha hakumsalimia. Alipita mbele ya nyumba yake kwa miguu, uso ameuelekeza bondeni. Mtu na jirani yake, wanavuta hewa moja, wanakunywa mto mmoja, na salamu hakuna. Hiyo ndiyo bei ya kutoambiwa ukweli.

* * *

Sufiani alijifunza kazi kwa madereva waliomjua baba yake. Na yeye hushuka fri. Alishuka hivyo na pikapu. Sasa alishuka hivyo na Bubu.

Asubuhi ile ya soko alifika juu ya mteremko, akasogeza mkono wa gia kwenye N, yaani fri. Bubu likateleza bila sauti.

"Unaona, dada? Hata tone la petroli halitumiki. Baba angelipenda gari hili."

"Angalia mbele," alisema Zuhura.

Walipokaribia kona, Maneno alikuwa uani kwake anaanika pilipili manga. Alinyanyua kichwa. Akapunga mkono, akapaza sauti:

"Wee Sufiani! Gari lako linanuka! Linanuka kama lile!"

Sufiani alikaza taya. "Umemsikia mchawi? Ameanza tena."

Zuhura aligeuka kutazama magunia. Na yeye aliisikia ile harufu. Alidhani ni mdalasini unaopata joto nyuma.

Walipofika tambarare, injini ya Bubu iliwaka kwa nguvu. Ikavuma bila kupumzika. Nyuma ya kiti feni ndogo ililia kama nzi aliyefungiwa chupani. Kisha taa ya njano ikawaka mbele ya dereva, na maandishi chini yake. Maandishi yalikuwa ya Kijapani. Kitabu cha gari nacho kilikuwa cha Kijapani. Wanatuuzia magari, lugha wanabaki nayo.

"Imeandikwa nini?" aliuliza Zuhura.

"Nitajuaje? Labda imeandikwa shikamoo."

Hawakucheka sana.

* * *

Penye maegesho karibu na Soko Kuu la Morogoro, kila dereva ana maoni yake. Sufiani alipofungua boneti, wakajaa.

"Oya Sufi, hiyo si gari," alisema Amani, kijana wa pikapu. "Hiyo ni simu yenye matairi. Ikizima, unatafuta chaji."

"Haichomekwi, Amani. Nimekwambia mara ngapi?"

"Haya, basi redio yenye matairi."

Dereva mmoja wa teksi akasema, "Mimi nilikuwa nalo la bosi. Kwa mafuta, hakuna kama hilo. Foleni ya Dar unakaa injini imelala. Lakini betri kubwa ikifa, umekwisha."

"Tumbo lake liko chini," alisema mwingine. "Kwenye matope ya Matombo utalilia."

"Nani kakwambia nalipeleka matopeni? Nabeba mdalasini, sibebi mbao!"

Fundi wa karibu akaitwa. Akaitazama ile taa ya njano. Hakufungua kitu. Hakuuliza kitu. Alifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka, akasema, "Betri kubwa imekufa. Haya magari si ya milimani. Uza."

Aliyesomea kazi huuliza kwanza; anayekisia huharakisha kukutia hasara. Pembeni ya fundi alikuwepo Fidelis, dalali wa magari, mtu wa shati safi na simu mbili.

"Mjomba," alimwambia Sufiani, "nitakuondolea mzigo. Jumapili nakuja Kinole, nalichukua kama lilivyo. Nipe neno lako tu."

Sufiani akampa neno lake.

* * *

Nyumbani palichafuka.

"Umempa neno?" alisema Zuhura. "Umempa neno la gari la nani?"

"Mimi ni mjomba wa watoto wako. Nina sauti katika nyumba hii."

"Sauti unayo. Gari huna."

"Dada, gari limerogwa! Ulimsikia Maneno kwa masikio yako. 'Linanuka kama lile.' Lile lipi? La baba! Unataka mpaka nami niende bondeni?"

Mwaisha alikuwa ameketi mlangoni, mikono magotini. Akauliza polepole, "Maneno kasema hivyo?"

"Kasema, mama."

Mwaisha aliivuta fimbo yake karibu. Kisha akasema, "Basi liuzwe. Mimi sitapanda."

"Na macho yako, mama?" aliuliza Zuhura. "Hospitali wamekupa siku. Gari lingine hulipandi. Utafikaje?"

"Nimeshaona vya kutosha."

Zuhura aliingia ndani. Alisimama penye giza la jiko, akalia kwa hasira na si kwa huzuni. Mama yake alikuwa anakubali upofu kwa sababu ya taa moja ya njano na hofu ya uchawi.

Kesho yake alishuka mjini kwa gari la watu. Alimtafuta Hosiana.

Hosiana ni mteja wake wa mdalasini. Anaishi Mzinga, mume wake anafanya kazi kiwandani. Yeye ni mwalimu wa udereva, na ana gari la haibridi kama Bubu, rangi nyeupe. Kila wiki huliendesha mpaka Ngerengere kumwona dada yake.

"Hosiana, niambie kweli. Gari lako lina matatizo?"

"Lina tatizo moja," alisema Hosiana. "Mume wangu analitaka."

"Usinichekeshe. Langu wanasema limekufa."

Zuhura akaeleza yote. Hosiana hakucheka tena. Aliuliza mambo mawili tu. "Mizigo unaiweka wapi? Na huyo ndugu yako, mlima anashukaje?"

"Anashuka vizuri. Anaweka fri."

"Anaweka nini?"

"Fri."

Hosiana aliweka mikono kichwani. "Jumamosi nakuja. Mwambie asiliguse."

* * *

Jumamosi Hosiana alifika Kinole na gari lake jeupe. Sufiani alimpokea kwa heshima, lakini mdomo ulimwasha.

"Karibu, mwalimu. Ila Mzinga ni tambarare. Huku kuna mlima."

"Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, mdogo wangu. Milima yenu hii, kwetu ni ngazi za kanisani."

"Ndiyo maana mmeshuka wote mkaja kwetu!"

"Tumekuja kuwafundisha kushuka. Fungua mlango wa nyuma."

Sufiani akafungua. Siti za nyuma zilikuwa zimevikwa kitenge kizuri, kimeshonwa kwa mkono. Juu ya siti yalikuwepo bado magunia mawili ya mdalasini ambayo hayakuuzwa, yamebanwa.

"Nani kashona kitenge?"

"Mimi," alisema Zuhura kwa fahari. "Vumbi lisiingie."

Hosiana alikinyanyua pembeni ya siti. Chini yake palikuwa na tundu lenye wavu. Wavu haukuonekana. Ulikuwa umezibwa na vumbi jekundu, maganda ya mdalasini na uzi wa kitenge.

"Hii ni pua ya betri," alisema. "Betri kubwa iko chini ya siti hii. Ikifanya kazi, inapata joto. Feni inavuta hewa hapa ili kuipoza. Wewe umeiziba pua, halafu umeweka magunia juu yake. Ile sauti ya nzi mliyoisikia ni feni inayotafuta hewa."

Zuhura alishika mdomo. Wiki nzima alikuwa amemtupia ndugu yake lawama.

Sufiani akacheka. "Haya! Kumbe mwenye gari ndiye muuaji!"

"Ngoja zamu yako," alisema Hosiana. "Inakuja."

Walitoa magunia. Walikata kitenge sehemu ya tundu. Hosiana akafungua wavu, akausafisha kwa brashi kavu.

"Maji usiweke. Na mkiona nyaya zenye rangi ya chungwa, hizo zina umeme mkali. Fundi asiyezijua asiziguse, na nyinyi msiziguse. Haya, Sufiani. Kaa kwenye usukani. Nami nakaa hapa, dada yako nyuma. Tunashuka."

Walipofika juu ya mteremko, mkono wa Sufiani ulienda wenyewe kwenye N. Hosiana akaudaka.

"Subiri. Uliwahi kuendesha baiskeli yenye dainamo?"

"Mimi? Nimekulia juu yake."

"Ukiliegemeza dainamo kwenye tairi, inakuwaje?"

"Taa inawaka. Lakini kukanyaga kunakuwa kuzito."

"Kwa nini kuzito?"

Sufiani akafikiri. "Kwa sababu tairi linalizungusha dainamo."

"Umejifundisha mwenyewe. Gari hili lina dainamo kubwa. Ni ile mota yake. Ukiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, halafu ukaachia mafuta, matairi yanaizungusha mota. Mota inatengeneza umeme, umeme unaingia kwenye betri. Na ule uzito ndio unaolizuia gari lisikimbie. Mlima wenu ni sheli ya bure! Sasa wewe ukiweka fri, umeliondoa dainamo kwenye tairi. Umeme haupatikani hata kidogo. Betri inafika chini ina njaa, ndiyo maana injini inavuma kuilisha. Petroli uliyodhani umeiokoa juu, unailipa chini na riba juu yake."

"Lakini fri gari linashuka vizuri."

"Linashuka vizuri likiwa limeshikwa na nini?"

"Na breki."

"Na breki peke yake. Mlima mzima. Unabana, unabana. Breki inapata joto. Joto likizidi, breki haishiki tena. Unakanyaga, gari linaenda. Kabla ya hapo, unajua hutoa dalili gani?"

Sufiani alikuwa anajua.

"Harufu," alisema Zuhura kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hunuka."

"Hunuka kama kitu kinaungua," alisema Hosiana. "Na hiyo si haibridi tu. Gari lolote. Pikapu, basi, lori. Lori ndilo zaidi, kwa sababu ya uzito."

Hosiana hakujua habari za Abeid. Alishangaa tu kuona dereva ameushika usukani kwa mikono miwili na macho yamemjaa maji.

"Nimekukosea?" aliuliza.

"Hapana, dada," alisema Sufiani. Lilikuwa neno la kwanza la heshima tupu alilomwambia. "Niambie niweke wapi."

"Weka D. Ondoka. Achia mafuta."

Bubu likashuka. Halikuteleza kama siku zote. Lilijishika, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na mtoto mgongoni. Kwenye kioo kidogo mbele ya dereva, mshale ulitoka kwenye matairi ukaenda kwenye betri. Vipande vya chaji vikaanza kupanda.

"Linakunywa mlima!" alisema Zuhura. "Sufiani, tazama, linakunywa mlima!"

"Tazameni barabara," alisema Hosiana. "Sasa betri imejaa. Haiwezi kupokea zaidi. Hapo ndipo unasogeza hapa, kwenye B. B ni ya mteremko mrefu. Injini inalishika gari kama gia ndogo ya lori. Ukifika tambarare, rudisha D."

Sufiani akasogeza. Bubu likanguruma. Injini ilitoa sauti nzito, na gari likapunguza mwendo lenyewe. Mguu wake uligusa breki mara chache tu.

Maneno alikuwa uani. Aliposikia mngurumo alisimama. Sufiani alisimamisha gari mbele ya nyumba yake. Alishuka, akaliendea tairi la mbele, akainama karibu na chuma cha breki bila kukigusa. Hakikuwa cha moto wa kutisha. Hakikunuka.

Akanyanyuka. Alimtazama yule mzee ng'ambo ya pilipili zilizoanikwa.

"Shikamoo, baba Maneno."

Mzee aliweka chini ungo wa pilipili. Alikuwa hajapewa salamu hiyo na mtu wa nyumba ile tangu Sufiani akiwa mtoto wa kubebwa.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Leo halinuki."

"Leo halinuki."

"Siku ile nilisema hivyo hivyo. Nilisema breki zinanuka. Nilikimbia nyuma ya lori nikipiga kelele. Baba yako hakunisikia." Akafuta mikono yake. "Na nyinyi hamkunisikia."

* * *

Jumapili Fidelis alikuja na shati lake safi na kijigari cha kukokotea. Zuhura alimkaribisha, akampa kiti, akampa nanasi. Alikula. Alipomaliza aliambiwa gari haliuzwi.

"Nilipewa neno," alisema Fidelis.

"Ulipewa neno na dereva," alisema Zuhura. "Mwenye gari hakukupa neno. Amekupa nanasi."

Sufiani mwenyewe alimsindikiza mpaka nje. "Samahani, kaka. Mimi nilikosea. Yule fundi wako naye mwambie, siku nyingine afungue mlango wa nyuma kwanza."

Ile taa ya njano haikuwaka tena. Mwezi uliofuata Bubu lilishuka na kupanda, na petroli iliyotumika ilipungua mpaka Amani wa pikapu akaomba aonyeshwe. Akaambiwa hakuna siri: pua ya betri ibaki wazi, mlima ushukwe kwa gia, kitenge kikatwe. "Redio yenye matairi ina akili," alisema Amani, na akaacha kushuka fri na pikapu lake. Na wengine wakaacha. Hosiana alikuja Kinole mara nyingine, akakaa na madereva saa nzima penye uwanja wa ndizi, na maneno yaliyorushwa siku ile kati ya mtu wa Kilimanjaro na watu wa Uluguru hayaandikiki hapa. Lakini walimsikiliza.

Gari zuri ni zuri. Ubaya wake hatuufichi: tumbo lake liko chini, na betri yake ikizeeka itahitaji fundi anayejua, si anayekisia. Lakini lilifanya kila lilichoombwa. Sisi ndio tuliokuwa tunaliendesha kwa akili ya miaka ya uhaba. Mbinu ile tuliizaa katika shida, nasi tukaendelea kuilea shida ilipokwisha. Imekula watu. Nawajua kwa majina, kona kwa kona.

* * *

Kilichobaki kilikuwa Mwaisha.

Walimweleza. Zuhura alieleza, Sufiani alieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya hospitali ilipofika alivaa kanga zake mbili nzuri, akachukua fimbo, akaingia garini mwenyewe.

Sufiani akashuka kwa D, kisha B. Bubu likanguruma.

"Linalia nini?" aliuliza Mwaisha.

"Halilii, mama. Linashika."

Juu ya kona Sufiani alisimama, kama ilivyokuwa sharti. Alishuka, akamfungulia mama yake mlango. Mwaisha akatoka. Aliweka fimbo chini. Lakini hakuelekea kwenye kona. Aligeuka, akasimama kidogo, kama mtu anayetafuta njia aliyoisahau. Halafu akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wenye pilipili.

"Hodi," aliita. "Hodi, Maneno."

Ndani fimbo ikagonga sakafu. Kisha sauti ikatoka:

"Nani huyo?"

"Unanijua. Usinisumbue, miguu inauma."

Maneno alitoka. Walisimama, wazee wawili, kila mmoja na fimbo yake. Zuhura na Sufiani hawakusogea.

"Nilikuita jina baya," alisema Mwaisha. "Na watoto wangu nikawafundisha."

"Ndiyo."

"Ulimkimbilia Abeid. Kumbe ni wewe peke yako uliyemkimbilia."

Maneno alitazama chini. "Nilikuwa na mbio siku zile," alisema. "Sikuweza kulifikia."

Mwaisha alinyoosha mkono. Maneno akaupokea kwa mikono miwili.

"Mimi naenda kutibiwa macho," alisema Mwaisha. "Wewe una pilipili za kuuza. Utazibeba mjini kichwani?"

"Gari lina nafasi?"

"Muulize mwenye gari."

"Lina nafasi, baba," alisema Zuhura. "Ila gunia usiliweke penye tundu lile."

Wakapanda. Mwaisha na Maneno walikaa nyuma, gunia la pilipili miguuni kwao. Sufiani aliwasha, akasubiri. Alimtazama mama yake kwenye kioo.

"Utashuka uipite kwa miguu, mama?"

"Nimeshakaa," alisema Mwaisha. "Endesha."

Bubu likaingia kwenye Kona ya Abeid polepole, likinguruma, limejishika. Bonde lilikuwa upande wa kushoto, jeupe kwa ukungu. Mwaisha alifumba macho yake. Mkono mmoja ulishika mlango.

"Maneno," alisema. "Wewe una pua. Unasikia harufu gani?"

Mzee alivuta pumzi ndefu. Gari likamaliza kona, barabara ikanyooka.

"Mdalasini," alisema Maneno. "Nasikia mdalasini tu."